Mwenye Utani Ashike Jembe: Mbinu za Kutania Bila Kujeruhi

Kwenye misiba ya kusini mwa Tanzania huwa unamwona mtu mzima kajilaza ndani ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, amegoma kutoka mpaka apewe hela. Wafiwa wanacheka na macho yao bado mekundu. Mmoja anatoa noti, jamaa anapanda juu, anajikung'uta mchanga, na mazishi yanaendelea. Mtu mwingine angethubutu kufanya hivyo angetolewa kwa mateke. Huyu haguswi, kwa sababu mbili: ni mtani wa marehemu, na kaburi hilo kalichimba yeye.

Sababu ya pili ndiyo nitakayoishika hadi mwisho wa makala haya. Ile ya kwanza kila mtu anaijua, na wengi wameishia hapo. Wanadhani utani ni ruhusa ya kusema lolote. Hapa Njinjo, ndani ya Wilaya ya Kilwa, katika bonde la Mto Matandu tunakolima mpunga, mahindi na ufuta, wazee wametufundisha kwamba utani kwanza ni kazi. Maneno ni ujira wa kazi hiyo. Anayedai ujira bila kufanya kazi ndiye anayevuruga vijiwe, harusi na misiba, kisha akiulizwa anajibu, "Mimi nilikuwa natania tu."

Mbinu zifuatazo ni kwa yeyote anayependa kuchekesha wenzake na angependa kesho yake asalimiwe.

Kwanza tujue tulikotoka

Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Misafara ilitoka huko Ziwa Nyasa, ikapita katika nchi za Wayao na Wangindo hadi pwani. Wangoni nao walikuwa wakivamia vijiji vya bara hii ya Kilwa. Njia zilikuwa ndefu na watu walifia ugenini. Aliyefia mbali na kwao alihitaji mtu wa kumfunika kwa udongo bila kungoja ndugu zake, na aliyepita kijijini akiwa na njaa alihitaji mlango wa kubisha bila kuogopa mkuki. Mtani alikuwa ndiye mlango huo.

Makabila mengine yaliupata utani kwa kufanya safari na biashara pamoja, kama Wanyamwezi na Wazaramo. Mengine yaliupata kwa kupigana. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na leo ni watani wakubwa. Mwaka 1905, vita ya Majimaji ilipoanza Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, dawa ya maji ilifikishwa Ungoni na Mngindo aliyeitwa Kinjala. Watu ambao baba zao waliogopana walijikuta upande mmoja.

Wasomi nao wameuchunguza utani kwa muda mrefu. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliueleza uhusiano wa namna hii kuwa ni ule ambao mmoja ana ruhusa ya kumtania mwenzake, na mwenzake amefungwa na desturi asikasirike. Alisema kweli. Sisi tunaongeza nusu iliyobaki: huyo huyo aliyekufanyia mzaha amefungwa na desturi asikutupe siku ya shida.

Mbinu ya 1: Mjue mtani wako, na umjue asiye mtani

Utani una mipaka kama shamba. Kuna utani wa makabila, ambao wazee wa ukoo wanaujua na kijana asione haya kuwauliza. Kuna utani wa mabinamu, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi. Kuna wa babu na bibi kwa wajukuu wao, na kuna wa mashemeji. Hao wote unaweza kuwaanza.

Mkwe usimwanze. Baba mkwe na mama mkwe wanaheshimiwa kwa kuonewa haya, na mzaha wako kwao, hata uwe mtamu, utaifuata ndoa yako mpaka uzeeni. Wazazi wako usiwaanze. Mtu unayemwamkia shikamoo naye akaitika marahaba, kisha mkaachana hapo hapo, hujafika kwake. Ngoja akuite.

Kwa mgeni, mwendo uwe wa pole zaidi. Mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Kagera au muuguzi aliyetoka Mbeya hajui kama maneno yako ni ukaribisho au ni dharau. Kwao huenda jambo hilo hilo ni tusi. Anza na salamu, mwoneshe kisima, mpelekee mihogo. Muulize kwao ni wapi na watani wa kwao ni akina nani. Ukiona yeye ndiye ameanza kukufanyia mzaha, jua umeshapokewa.

Babu kumwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", na bibi kumwita mjukuu wa kiume "mume wangu", ni desturi nzuri inayowapa watoto watu wazima wa kucheka nao. Idumu, kwa masharti mawili: isemwe mbele ya watu, na iishie mdomoni. Hali kadhalika kwa mashemeji. Utani haujawahi kuwa ruhusa ya kumshika mwanamke asiyetaka kushikwa. Anayejificha nyuma ya utani kufanya hivyo atajwe kwa jina la kosa lake na apelekwe kwa wahusika.

Mbinu ya 2: Lipa kabla ya kucheka

Kabla hujafungua mdomo, jiulize swali moja: mara ya mwisho nilimfanyia nini mtu huyu? Kama jibu lipo, sema. Kama hulipati, funga mdomo ukatafute jembe.

Kulipa si lazima iwe fedha. Alipofiwa, ulipasua kuni? Alipougua, ulimbeba kwa pikipiki hadi kwenye matibabu? Ufuta wake ulipokauka shambani, na unajua ufuta ukichelewa kukatwa maganda hupasuka mbegu zikamwagika chini, ulikwenda na mundu wako? Mke wake alipojifungua, mama wa nyumba yako alikwenda kumtekea maji? Mambo hayo ndiyo yanayofanya neno kali lisikike kama neno la ndugu.

Angalia wachekeshaji wanaopendwa katika kijiji chochote. Utakuta ndio wa kwanza kufika kwenye shida. Watu wanavumilia vijembe vyao kwa sababu wanakumbuka migongo yao ikiwa imeinama kazini. Angalia na wale ambao kila wakichekesha watu wananuna. Maneno yao yanaweza kuwa yale yale, pengine hata ni mafundi zaidi wa kupanga sentensi. Walichokosa ni hesabu ya jasho.

Ndiyo maana mtu aliyeishi mjini miaka mingi bila kuhudhuria msiba wala harusi, akija likizo na kuanza kutania kila anayemkuta barazani, anaona watu wanatabasamu nusu. Ushauri wangu kwake: fika, salimu, toa ubani kwa misiba iliyokupita, kaa kimya siku mbili tatu, shika kazi yoyote iliyopo. Utani utakuja wenyewe.

Mbinu ya 3: Gusa anachojivunia, epuka anacholilia

Hii ndiyo mbinu kuu ya ufundi wa maneno. Kila mtu ana jambo analojivunia na jambo linalomliza usiku. Mtani hodari anacheza na lile la kwanza na analipita la pili kwa mbali.

Chukua sentensi moja: "Shamba lako hilo, nguruwe wamelipita kwa huruma." Ukimwambia mkulima hodari ambaye mahindi yake yamesimama wima, atacheka mpaka ashike mbavu. Anajua kwamba unajua. Mzaha wako umemsifu mbele ya watu kwa njia ambayo sifa ya moja kwa moja isingeweza. Mwambie sentensi hiyo hiyo mtu aliyekesha kwenye dungu wiki nzima na bado nguruwe wakamaliza mahindi yake, umempiga rungu. Maneno hayajabadilika hata silabi. Kilichobadilika ni mahali yalipoangukia.

Kwa hiyo mtanie mpishi mzuri kuhusu chumvi, mtanie mcheza bao hodari kwamba kete zake zimekuja matembezini tu, mtanie mwenye sauti nzuri kwamba kaswida yake imewaamsha tembo. Mtanie tajiri kwa ubahili wake kama kweli si bahili. Mtanie mrefu kwa urefu wake kama anaupenda.

Yapo yasiyoguswa, na orodha yake haibadiliki: njaa ya nyumbani kwa mtu, ugonjwa, ulemavu, utasa, mtoto aliyefariki, talaka mbichi, na deni linalomnyima mtu usingizi. Usiseme "lakini yeye mwenyewe huwa anacheka." Anacheka kwa sababu watu wanamtazama. Mwangalie mtu huyo baada ya kicheko: akitafuta kisingizio cha kuondoka, jua umemchoma.

Kipimo kingine ni rahisi. Mzaha mzuri unaweza kurudiwa na aliyetaniwa. Kama kesho yake yeye mwenyewe anawasimulia wengine ulichomwambia, ulifanya vizuri. Kama ni wewe tu unayeusimulia, uache.

Mbinu ya 4: Msibani, fuata saa na mpangilio

Msiba ni mahali pa heshima kuu ya mtani, na ndipo panapoharibika kwa urahisi zaidi. Kijana anayesikia tu kwamba "watani huruhusiwa" huingia na kelele zake saa ambayo mama wa marehemu bado hajaamini. Hapo hakuna utani.

Saa ya kwanza ni ya kazi tupu. Mtani anafika, anatoa pole kama wengine, anamtafuta mzee anayesimamia msiba na kumwambia, "Mimi ni mtani wao, nimekuja kazini." Anakabidhiwa sululu, au maji, au kuni. Mzee akishajua upo, hata ukianza vituko baadaye yeye ndiye atakayewatuliza wasiokufahamu.

Saa ya pili huanza machozi yanapopungua na watu wanapoanza kuchoka. Ishara utaiona: wanaume wanaanza kuzungumzia njia na mvua, akina mama jikoni wanaanza kuulizana chumvi. Hapo ndipo mtani anaanza kidogo kidogo. Analalamika kwamba marehemu alikuwa mfupi lakini kaburi limechimbwa refu, anasema ni kazi bure. Anaficha mwiko jikoni akadai kikombe cha chai ndipo autoe. Anajifunga kanga akaiga namna marehemu alivyokuwa akikagua shamba lake. Na watu wanacheka, kisha wanalia tena, na kilio hicho cha pili kina nafuu kuliko cha kwanza, kwa sababu sasa wanamkumbuka mtu aliyeishi. Kilio cha kwanza kilikuwa cha maiti peke yake.

Saa ya tatu ni ya ibada. Shehe akisimama, mtani anakaa. Wakati wa kuoshwa maiti, wakati wa swala ya jeneza, wakati mwili unateremshwa mwanandani, wakati wa dua, hakuna neno la mzaha. Baadhi ya mashehe na mapadri hawapendi utani msibani kabisa, na wana sababu zao. Zungumza nao mapema, kwa adabu, mkubaliane utani uishie wapi. Wengi wakiona kwamba unaheshimu ibada na kwamba jembe umelishika, wanaelewana nawe.

Kuna kanuni tatu za mkono. Usichukue kitu kisichorudishika. Ukikamata kuku wa wafiwa, awe ni wa kuchinjwa siku hiyo kwa ajili ya wote. Usidai zaidi ya kile ambacho familia hiyo inaweza kukitoa bila kukopa. Kwa familia maskini, sarafu moja inatosha kukutoa kaburini, na hela utakayopewa ni vizuri iishie kwenye sukari ya chai ya waombolezaji. Na usimwige marehemu kwa ugonjwa uliomuua. Mwige alivyotembea akiwa mzima.

Msiba wa mtoto, wa aliyeuawa, wa aliyejiua, au wa mama aliyefia uzazini, mtani hufanya kazi na kunyamaza. Atakumbukwa kwa ukimya huo kuliko vituko vyote vya misiba mingine.

Mbinu ya 5: Jifunze kutaniwa

Watu wengi wanafanya mazoezi ya kurusha, wachache wanafanya ya kudaka. Anayetaniwa ana njia tatu zinazomtoa na heshima.

Ya kwanza ni kukubali na kuongeza. Ukiambiwa shati lako limezeeka, jibu: "Limezeeka kweli, mwaka huu linaomba pensheni." Mzaha umekwishia mikononi mwako, na aliyeuanzisha hana la kuongeza.

Ya pili ni kurudisha kwa kipimo kile kile. Umeguswa shati, gusa kofia. Usiguse ukoo. Anayeguswa shati akajibu kwa kumtukania mwenzake mama, ametoka nje ya mchezo na kila aliyekaa barazani anamwona.

Ya tatu ni kujikomboa. Toa kitu kidogo, andazi, kikombe cha kahawa, muwa, useme, "Chukua, niache nipumzike." Mtani aliyepewa anapaswa kunyamaza. Akiendelea baada ya kupokea, wewe ndiye una haki ya kumshitaki kwa wazee.

Na kama umeumia kweli? Sema. Usingoje moyo ujae. Mvute pembeni, mwite kwa jina la ujamaa, "mjomba" au "shemeji", umwambie kwa sauti ya chini: "Lile la jana usilirudie." Watani wa kweli huishia hapo. Waswahili walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huo hutunga kwa sababu mmoja aliumia akanyamaza, mwenzake akadhani anafurahi.

Mbinu ya 6: Utumie utani kusema kweli ngumu

Yapo mambo ambayo ukiyasema kwa uso mkavu unaanzisha vita, na ukiyanyamazia unamwacha mwenzako aangamie. Hapo utani ni dawa.

Fikiria msimu wa mnada wa ufuta. Wakulima wamepeleka magunia yao kwenye chama cha msingi cha ushirika, yakaingia ghalani, mnada ukafanyika, malipo yamefika. Wiki hiyo utaona mtu ambaye Februari alikuwa akiomba unga, sasa ana redio kubwa, suruali mpya na mipango ya kuongeza mke. Baba yake akimkanya ataambiwa ni mchawi wa maendeleo. Mkewe akimkanya ataambiwa ana wivu. Binamu yake ndiye anayeweza kumwambia mbele ya watu, "Bwana harusi, Februari hii mpya utamwoa nani, maana ile ya mwaka jana ilikukuta unakula maembe mabichi." Watu wanacheka, naye anacheka, na usiku anahesabu upya zilizobaki.

Deni nalo hudaiwa hivyo hivyo. Wenye maduka wamejua siku nyingi kwamba ukali hufukuza mteja pamoja na pesa, ndiyo maana hubandika ukutani "Leo pesa, kesho mkopo", na wengine "Kukopa harusi, kulipa matanga". Maandishi hayo hayamtaji mtu, yanamchekesha kila anayeingia, na anayedaiwa anajijua. Wewe usiye na duka unaweza kumwambia mdaiwa wako, mkiwa wawili: "Ile elfu kumi yangu inakusalimia, imesema imezoea kwako lakini imewakumbuka ndugu zake." Umedai, hujamvunjia heshima, na umemwachia mlango wa kutaja siku ya kulipa. Mwambie mara mbili kwa mzaha. Mara ya tatu mwambie bila mzaha, taja tarehe, kwa sababu mzaha ukizidi mara mbili deni lenyewe linageuka masihara.

Lakini kuna magomvi ambayo utani hauyawezi. Tangu wafugaji wengi waliohamishwa kutoka bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walipoelekezwa mkoa wa Lindi, zikiwemo sehemu za Kilwa, kumekuwa na mivutano ya mashamba na malisho. Ng'ombe wakiwa wameingia kwenye mpunga wa mtu, usimfanyie mkulima mzaha wala mfugaji. Hasara ipimwe, mtendaji wa kijiji aitwe, fidia ijadiliwe na iandikwe. Siku nyingine, shauri likiwa limekwisha, mkikutana gulioni, hapo mnaweza kuanza kutaniana mmoja kwa maziwa na mwingine kwa mihogo, na kwa kuwa mmeshatendeana haki mzaha huo utawasaidia kuishi jirani.

Mbinu ya 7: Jirani aliyepatwa ndiye anayefungua mlango

Mwishoni mwa Januari 2020 mvua kubwa ilileta mafuriko mkoani Lindi, na vijiji vya bonde la Matandu, Njinjo ikiwa mojawapo, viliumia sana. Nyumba na mashamba vilikwenda na maji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara kuu eneo la Somanga, na kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa njia ya barabara.

Baada ya maafa kama hayo watu hucheka, na ni vizuri wacheke. Lakini kicheko kina mwenyewe. Aliyelala juu ya mti ndiye mwenye haki ya kwanza ya kusimulia kwamba usiku ule aligawana tawi na nyoka na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Akishasimulia yeye, wewe jirani uliyekuwa mahali pakavu unaweza kucheka naye. Ukianza wewe, umemcheka yeye. Kanuni hiyo ishike kwa kila janga: nyumba iliyoungua, pikipiki iliyoibwa, mchumba aliyeolewa na mwingine. Subiri mwenye tukio afungue mlango. Wakati unasubiri, mkono wako usikae bure, kuna makuti ya kuezeka.

Mbinu ya 8: Kwenye mpira na kwenye simu, punguza nusu

Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na taifa zima linaziita watani wa jadi. Ni jina zuri, kwa hiyo tuliheshimu. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1, na kwa miezi mingi mtu alikuwa akikuinulia tu vidole vitano unajua kasema nini. Wa Simba nao walikuwa na jibu lao: Mei 2012 wao waliifunga Yanga 5 kwa 0. Huo ndio utani ulio sawa, kila mmoja ana kidole cha kumwonesha mwenzake. Ushabiki unaoharibu ni ule wa kumfuata mtu nyumbani kwake, kumwamsha mtoto wake, au kuweka dau la fedha za ada ya shule.

Simu inahitaji tahadhari kubwa zaidi. Barazani ukisema neno unaona uso wa mwenzako, na ukiona umekunjamana unalifuata neno lako na lingine la kulainisha. Kwenye kundi la WhatsApp huoni uso. Neno linabaki limeandikwa, linasomwa saa nane za usiku na mtu aliyetoka kugombana na mkewe, linatumwa kwa watu wasiojua kwamba ninyi wawili ni watani. Kwa hiyo utani mkali uache kwa ajili ya uso kwa uso. Kwenye kundi tania jambo, usitanie mtu. Picha ya mtu aliyelala na mdomo wazi, aliyelewa, au aliye msibani usiirushe kamwe bila ridhaa yake. Tena kumbuka kwamba nchi ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kumtumia mtu ujumbe wa kumuudhi na kumnyanyasa kwa mtandao ni kosa. "Ni mtani wangu" ni jibu linalokubalika barazani. Kwa polisi halina nguvu hiyo.

Mbinu ya 9: Ukivuka mpaka, rudi siku hiyo hiyo

Hata fundi hukosea kipimo. Ukiona umeumiza, usijitetee kwamba mwenzako hana ucheshi. Utetezi huo ni jeraha la pili. Nenda kwake kabla jua halijazama, bila watu, ukaseme: "Nimekukosea, niwie radhi." Usitie mzaha ndani ya radhi.

Kama uliumiza mbele ya watu, radhi ya faragha haitoshi. Rudi mbele ya watu wale wale ukamtaje kwa wema. Kama hataki kukuona, mtume mtu anayemheshimu, mjomba wake au mzee wa mtaa, na mfuate kwa kitu, kilo ya mchele au siku moja ya kazi shambani kwake. Kisha kaa bila kumtania mpaka yeye aanze. Siku atakayokufanyia mzaha, mambo yamekwisha, usiyafukue.

Neno kwa wazee na vijana

Utani unaweza kupotea hata kama vichekesho vikiongezeka. Simu zimejaa vichekesho, na vijana wetu wanajua kuchekesha kuliko sisi. Kinachopungua ni ule upande wa jembe: kujua ni nani anayepaswa kuitwa kwenu mkifiwa, na ni kwa nani wewe unapaswa kwenda bila kuitwa. Mzaha wa mtu asiyekusaidia ni matusi, hata kama umechekesha kijiji kizima.

Wazee, kaeni na watoto na wajukuu mwaka huu, baada ya mavuno watu wakiwa wametulia. Watajieni watani wa ukoo, koo kwa koo, nyumba kwa nyumba, na muwaeleze kila mmoja anadaiwa kazi gani siku ya msiba na siku ya harusi. Vijana, andikeni kwenye daftari. Kisha kila mmoja achague mtani mmoja ambaye hajamtembelea muda mrefu, aende kwake na kazi ya mkono. Maneno atayakuta huko huko.